Shahidi Asiye Rafiki

Nilimwonea wivu. Naanza hapo kwa sababu wengine wote wanaomsimulia huanza na uvumilivu wake na sauti yake ya taratibu, na mimi sitaki kujifanya nilikuwa mmoja wao. Nilichokiona kwa miaka mitatu ni darasa lake lililojaa mpaka dirishani na langu lenye viti vitupu. Mtaa wote wa Atlabara walimwita Ustaz, neno la Kiarabu la mwalimu, kana kwamba Juba haikuwa na mwalimu mwingine. Mimi, niliyesafiri kwa basi kutoka Kenya na diploma yangu ndani ya bahasha ya plastiki, waliniita Madam tu, kama walivyomwita kila mwanamke Mkenya wa benki au wa hoteli.

Ilikuwa miaka ile ya amani, baada ya mkataba wa kumaliza vita na kabla ya kura ya uhuru, wakati mji ulikuwa unajengwa kila upande na kila mtu alitaka Kiingereza. Hoteli za mahema kando ya mto zilitaka watu wa Kiingereza, mashirika yalitaka, hata walinzi wa getini waliulizwa Kiingereza. Shule moja ya msingi ikafungua madarasa ya jioni kwa watu wazima. Mimi nikapewa chumba cha kushoto, yeye cha kulia. Katikati palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba, na kupitia ukuta huo nilisikia kila kitu, nikipenda nisipende.

Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye mvi za kuhesabika, na alikuwa amekaa Uganda ukimbizini miaka mingi. Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Kiingereza alikuwa amejifundishia kambini, kwa kusoma chochote kilichoangukia mkononi mwake, maelekezo ya dawa, vijitabu vya kanisa, magazeti yaliyofungiwa sabuni. Cheti hakuwa nacho hata kimoja. Alinieleza hivyo mwenyewe wiki ya kwanza, bila kuulizwa, kama mtu anayetaja kwamba hali nyama ya mbuzi. Nililiweka akilini jambo hilo, na kwa wakati ule hata sikujiuliza nililiweka kwa ajili gani.

Kitu alichokipenda waziwazi ni viatu vyake. Alikuwa na jozi moja, vyeusi, vya ngozi, vya kamba, na alivipiga rangi kila asubuhi mpaka ungeweza kujiangalia ndani yake. Hii ni Juba ninayoizungumzia, vumbi jekundu kiangazi na tope la kunata wakati wa mvua. Alikuja kwa miguu kutoka mtaa wa Munuki, na mvua ikinyesha alivivika viatu mifuko ya plastiki na kuifunga kwa mpira kwenye vifundo. Siku moja nilimwona amesimama mbele ya dimbwi la upana wa meza, anangoja. Alingoja mpaka Lado, mwanafunzi wake wa bodaboda, alipopita akambeba kulivuka, hatua tatu, kisha akamshusha upande wa pili. Nilicheka peke yangu nyuma ya dirisha, na ilinipa raha kumwona mdogo hivyo.

Maana madogo yake yalikuwa mengi, na mimi niliyakusanya. Alikuwa bahili wa chaki. Vipande visivyoshikika aliviweka kwenye kopo la maziwa ya unga na kuviandikia kwa ncha za kucha. Chai alitia sukari vijiko vitano na kulalamika kwamba mama wa chai anamwibia sukari. Kwenye dhumna aliwaibia vijana wa bodaboda mchana kweupe, na akishikwa alisema macho yake yamechoka. Na hakucheka. Jambo likimfurahisha sana alipuliza hewa puani mara moja, basi.

Sasa mtu huyo ndiye aliyewafundisha watu wa Juba misemo ya Kiingereza ya furaha.

Nilimwuliza kwa nini misemo ya furaha, kwa nini asifundishe barua za kuomba kazi kama mimi. Tulikuwa tumekaa kwenye vigoda vya mama wa chai nje ya geti, tunangoja wanafunzi.

"Madam, watu yetu iko na Kingereza mingi ya shida," akasema. "Displaced, wanajua. Refugee, wanajua. Ration card, transit camp, hata mtoto mdogo anajua. Lakini ya furaha iko moja tu. Happy. Hawaja, huyo mzungu, anauliza, peace iko namna gani? I am happy. Dada amepata mtoto? I am happy. Umeshiba? I am happy. Mtu atafurahi namna gani na neno moja, na hiyo neno imechoka?"

"Basi si uwapatie tu list wajisomee?"

"List hapana," akasema. "Maneno ya furaha hapana ya kugawa kama maharagwe."

Mimi list nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeichapa kwenye ofisi ya rafiki yangu mmoja wa shirika, misemo hamsini, kwa mpangilio wa alfabeti, kila mmoja na maana yake na mfano wake. Nikawagawia wanafunzi wangu wiki hiyohiyo, kwa haraka ya mtu anayetaka kufika kwanza. Wakaikariri. Walikuwa watu wa bidii, waliikariri kama Baba Yetu.

Haukupita mwezi, kijana wangu mmoja wa mapokezi katika hoteli ya mahema akampokea mgeni aliyekuwa ametoka mbali kuja kumzika ndugu yake. Kijana akamshika mkono kwa mikono miwili akamwambia kwa sauti kwamba hoteli nzima iko *over the moon* kumpokea, yaani imeruka juu ya mwezi kwa furaha, na yeye mwenyewe ni kama mbwa mwenye mikia miwili. Yule mgeni aliketi juu ya begi lake akalia. Habari ilizunguka mji mzima mpaka ikafika kwetu, na nilingoja Ustaz anicheke. Hakunicheka. Alikoroga chai yake na kusema, "Huyo mtoto alipewa dawa, hakuna mtu aliuliza yeye iko mgonjwa wapi." Afadhali angenicheka.

Kwake yeye darasa lilikwenda hivi. Aliandika msemo mmoja ubaoni, akaueleza taratibu, kwa Kiingereza, kwa Kiswahili chake, kwa Kiarabu cha Juba. Mingine aliikataa kabisa. Kulikuwa na mmoja unaosema mtu amejaa furaha za majira ya machipuko. Huo aliufuta akasema ni wa watu wa baridi, wakae nao. Uliobaki ubaoni haukuwa wa mtu yeyote. Hakuna aliyeruhusiwa kuutumia darasani mpaka awe na jambo lake la kweli linaloufikia. Ukiwa na jambo, unakuja nalo, na unakuja na shahidi aliyekuona. Darasa linamwuliza shahidi maswali matatu. Wakiridhika, jina lako linaandikwa kwenye daftari mbele ya ule msemo, na kuanzia siku hiyo ni wako.

Na shahidi hakutakiwa kuwa ndugu wala rafiki. Hilo ndilo lililonishangaza. Lado alikuja siku moja anataka *over the moon* kwa sababu alikuwa ameshinda simu kwenye bahati nasibu, na shahidi wake ni mwenzake wa stejini.

"Huyu mnakula naye sahani moja," Ustaz akasema. "Huyu hata ukianguka atasema uliruka. Leta mtu hakupendi. Mtu hakupendi akisema ulifurahi, kalas, ulifurahi."

"Na simu, Ustaz?"

"Simu ni *pleased*. Kaa chini."

Nilisikia darasa likiangua kicheko nyuma ya ukuta. Wanafunzi wangu tisa waliinua vichwa kutoka kwenye list zao, wakatazama ule ukuta jinsi mtu mwenye njaa anavyotazama jiko la jirani. Nikawaambia waendelee na namba ishirini na mbili.

Wa kwanza kunihama alikuwa Poni. Alifua mashuka katika hoteli moja kando ya mto, mwanamke wa miaka thelathini hivi, kimya, mwandiko mzuri. Aliniaga kwa heshima. "Madam, mimi nashukuru sana. Lakini huko kwa Ustaz iko na kitu." Sikumwuliza kitu gani. Nilijikaza kisabuni nikamtakia mema.

Wiki kadhaa baadaye nikamsikia kupitia ukuta. Mtandao wa simu ulikuwa umefika upya sehemu zetu, na mtu fulani alikuwa amempa Poni namba ya Khartoum iliyosemekana ni ya jirani ya mama yake. Mama na mwana hawakuwa wamesikiana tangu Poni akiwa msichana. Hakuwa na simu, ikabidi aombe ya mama wa chai, na mama wa chai na Poni walikuwa wamenuniana miezi mingi kwa sababu ya glasi iliyovunjika, kila mmoja akisema mwenzake ndiye aliyeivunja.

Kwa hiyo shahidi alikuwa mama wa chai. Aliingia darasani na aproni yake, hataki hata kuketi, anasema maji yake yako motoni.

Darasa likamwuliza kwa pamoja, kama ilivyokuwa kawaida, "Wewe ni nani kwake?"

"Mimi hapana rafiki yake. Huyu alivunja glasi yangu."

"Uliona nini?"

"Alipiga simu. Huko mtu akashika. Huyu hajasema kitu, maneno imemkwama, akakohoa tu. Na huko nikasikia mama moja anapiga kelele, Poni! Poni! Kwa kikohozi tu alimjua. Huyu akakaa chini kwa vumbi. Anacheka, analia, anamwaga sukari yangu yote, na hata malesh, hata pole, hakusema."

"Alijua unamwangalia?"

"Huyo hakujua hata yeye iko Juba."

Kisha nikasikia chaki, na Poni akiusema msemo wake kwa Kiingereza mara ya kwanza, polepole, *I was over the moon*, na watu wazima wakipiga makofi kama watoto. Nilikuwa nimesimama mbele ya darasa langu na kitabu mkononi. Poni alikuwa amekaa kwenye dawati langu la pili kutoka mlangoni kwa miezi minane, na mimi sikuwa nikijua kwamba ana mama.

Usiku huo sikula. Nilichukua karatasi nikajaribu kujitafutia msemo mmoja tu, kwa siri, kwa kanuni zake. Siku niliyopata kazi ya Juba nilifurahi, nakumbuka. Niliisoma ile barua ya kazi nikiwa peke yangu posta. Siku mwanangu alipoanza kidato cha kwanza huko nyumbani nilifurahi, lakini hiyo nilisimuliwa kwa simu, na nilipokata niliendelea kusahihisha madaftari. Nani aliniona? Nilichana karatasi. Kuanzia hapo sikumwonea wivu wa viti tu, nilimwonea wivu wa kila kitu, mpaka wa ile pumzi ya puani.

Jambo moja lilinipa faraja ya kijicho. Yeye mwenyewe hakuwa na msemo hata mmoja kwenye daftari lile. Nilimwuliza mbele ya watu, makusudi, kwenye chai.

"Na wewe, Ustaz, unao upi?"

"Mafi," akasema. Hakuna. "Bado."

Lakini kwenye kona ya juu ya ubao wake, tangu siku ya kwanza, kulikuwa na maneno aliyoyazungushia kisanduku, na hakuruhusu mtu ayashindanie. *Walking on air*, kutembea juu ya hewa, miguu haigusi chini. "Hii iko na mwenyewe, anakuja," alikuwa akisema. Poni ndiye aliyenieleza baadaye kwamba alikuwa na mke. Vita viliwatenganisha, yeye akakimbilia kusini mpaka Uganda na mke akabebwa na msafara wa watu kuelekea kaskazini. Tangu amani ilipokuja, kila Jumamosi Ustaz alikwenda bandarini kutazama matishari, zile meli bapa zinazopandisha mto na watu wanaorudi, godoro juu ya kabati, kabati juu ya kitanda. Kila Jumamosi kwa miaka. Kisha Jumatatu alikuja kufundisha furaha za wenzake.

Nilijua hilo nilipoandika barua. Naliweka hapa ili mtu asinitetee.

Mkuu wa shule alitutangazia kwamba mfadhili angelipia mwalimu mmoja tu wa jioni kuanzia muhula uliofuata. Alisema angefikiria. Mimi sikumngoja afikirie. Niliandika ukurasa mmoja, kwa Kiingereza, nikaeleza kwamba mwenzangu, ninayemheshimu sana, hana cheti chochote, na kwamba mkaguzi akifika jina la shule litaharibika. Kila neno lilikuwa kweli, ndiyo maana lilikuwa rahisi kuandika. Niliipeleka mwenyewe ofisini mchana, nikaiweka chini ya jiwe lililozuia karatasi zisipeperuke.

Siku yake ya mwisho alifuta ubao wote isipokuwa ile kona. Alichukua kopo lake la chaki, akanipa mkono, akasema, "Madam, kwaheri ya kuonana." Nikamtazama akiondoka kwa uangalifu ule wake, anachagua pa kukanyaga. Nilidhani nitajisikia vizuri kuanzia Jumatatu.

Jumatatu wanafunzi wake walikuja chumbani kwangu, wamejaa mpaka dirishani kama nilivyokuwa nikiomba. Walikaa wima. Waliandika nilichoandika. Nilipogeuka kufuta ubao nikakuta kuna mtu ameandika kwenye kona ya juu, ndani ya kisanduku, *walking on air*. Nikafuta. Kesho yake pameandikwa tena, mwandiko mzuri, najua wa nani. Nikafuta tena. Wiki ya tatu hawakuja. Walikuwa wamemwezeka Ustaz kibanda cha mabati nyuma ya steji ya bodaboda huko Munuki, na ubao wamejitengenezea wenyewe, kipande cha plaiwudi kilichopakwa weusi wa betri mbovu za redio. Mimi nikabaki na wachache wangu, mshahara wangu, na cheti changu ukutani.

Miaka ikaenda. Kura ilikuwa inakaribia, na watu walirudi kwa wingi kuliko mwanzo, mtoni na barabarani. Jumamosi moja asubuhi nilikwenda sehemu za bandari kutafuta samaki mkavu. Tishari lilikuwa linafunga kamba. Sikumtafuta, nilimwona. Alikuwa amezeeka shingoni, shati limepigwa pasi, na vile viatu, au ndugu zao, vinang'aa kwa mbali. Nilijificha nyuma ya magunia ya mtama. Nilitaka kumwona asipompata, na ndivyo nilivyokuwa. Nilitaka kuona uso wa mtu mwenye darasa lililojaa akirudi nyumbani mikono mitupu, ili niwe na mwenzangu.

Ukingo pale ulikuwa tope tupu. Watu waliwekewa ubao mmoja wa kushukia, na wote walisongamana hapo na vyombo vyao. Ustaz alisimama pakavu, mbali kidogo, kama mtu aliyezoea kutopata. Kisha juu ya tishari mwanamke mmoja mnene, amejifunga tobe, ile nguo ndefu ya wanawake wa Sudan, ya rangi ya chungwa, akasimama juu ya sanduku ili aone watu. Alikuwa anageuza kichwa upande huu na upande huu.

Nilimwona Ustaz akianza kutembea. Hakwenda kwenye ubao wa kushukia. Alikwenda moja kwa moja, mahali ambapo hapakuwa na njia, akaingia kwenye tope, na tope likafunika viatu. Hakuangalia chini. Akaingia majini, maji yakafika kwenye magoti, na aliendelea na mwendo uleule kana kwamba yuko kwenye lami. Mtu mmoja akamfokea kwamba kuna chuma chini. Hakugeuka. Alifika kwenye ubavu wa tishari, akainua mikono yote miwili juu, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akicheka, kicheko cha mdomo wazi, kirefu, cha ovyo, cha mtu asiye na mazoezi.

Yule mwanamke aliinama akamtazama. Alitazama uso, kisha akatazama maji. Neno lake la kwanza baada ya miaka yote ile lilikuwa la Kiarabu, na hata mimi nililielewa, kwa sababu alilisema kwa hasira ya mtu wa nyumbani.

"Viatu vyako!"

Hapo ndipo alipoangalia chini. Kiatu kimoja tayari mto ulikuwa umekichukua.

Nililia nyuma ya magunia yale, na nisidanganye, haikuwa kwa ajili yake. Wivu ulinishika kuliko siku yoyote. Nilijua hakuna mtu ulimwenguni ambaye kwa sababu yangu angeingia mtoni na viatu. Nilikuwa bado nafuta macho kwa kitambaa cha kufungia samaki aliponiona. Alikuja kwangu akichechemea, mguu mmoja kiatu, mguu mmoja soksi, mkono wake umeshikwa na mke wake kama mtoto anayevushwa barabara.

"Madam," akasema. "Uliona?"

"Niliona, Ustaz."

"Kwes, vizuri. Jumatatu utakuja kwa darasa. Mimi nahitaji shahidi."

Nikamwambia pale bandarini pamejaa watu, wamemwona wote, achague mwingine. Akatikisa kichwa.

"Hawa hawanijui, na hapana rafiki, hapana adui. Ile barua yako, mkuu alinipa nikasoma. Kingereza safi sana, Madam. Hakuna kosa hata moja." Akapuliza hewa puani. "Ndiyo maana wewe unafaa. Hakuna mtu mwingine anafaa."

Nilitafuta hasira usoni mwake na sikuipata, wala msamaha sikuupata. Alikuwa anafanya kazi yake tu, anatafuta shahidi wa kufuata kanuni. Mke wake alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akamvuta waende wakatafute mizigo.

Jumatatu nilikaribia kutokwenda. Nilifika Munuki saa kumi na moja, nikakuta bodaboda zimeegeshwa na kibanda kimejaa. Mama wa chai alikuwepo, na glasi zake. Lado alikuwepo. Ustaz alikuwa amekaa kwenye benchi la nyuma pamoja na mke wake, amevaa ndara, kwa sababu siku hiyo alikuwa mwombaji na si mwalimu. Daftari lilikuwa kwa Poni. Kwenye kona ya ule ubao wa plaiwudi, ndani ya kisanduku, maneno yake yalikuwa yanangoja.

Nilisimama mbele. Nimesimama mbele ya madarasa tangu nikiwa na miaka ishirini na miwili, lakini kama shahidi sikuwahi. Nilikuwa nimejitayarisha kwa swali la pili. Nilikuwa nimepanga maneno yote kuhusu tope, na maji, na kicheko, na vile alivyopita bila kuangalia chini, na kiatu kilichokwenda na mto. Jibu la swali la tatu nalo nilikuwa nalo tayari. Nilikuwa nimelisahau la kwanza.

Wakaliuliza wote kwa pamoja, sauti za watu wazima, bila chuki, kama walivyomwuliza kila shahidi kabla yangu.

"Wewe ni nani kwake?"

Poni alikuwa ameshika kalamu, anangoja. Nilimtazama Ustaz, na yeye alikuwa anatazama miguu yake ndani ya ndara. Hakunisaidia.

"Mimi ndiye niliyeandika ile barua," nikasema.

Poni akainamia daftari na kuandika, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kama zamani. Alipomaliza akainua kichwa.

"Uliona nini, Madam?"

Nikaanza na viatu.